Kabla Hujampa Mama Sanduku Jipya

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu mpendwa,

Gari lako limeteremshwa melini jana, na meneja mauzo wa kampuni iliyokuuzia amenithibitishia mwenyewe kwa simu kwamba halina mkwaruzo hata mmoja. Nimetanguliza habari hiyo kwa sababu najua ndiyo ambayo macho yako yangeitafuta kwanza, salamu ungeziruka. Sasa nakusalimu kama inavyostahili. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani, au sasa wamepata kingine cha kugombania? Sisi huku tu wazima. Mimi nina mafua kidogo, na mhariri wangu bado anaamini kwamba habari yoyote ikikatwa nusu inakuwa nzuri maradufu. Mama ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo goti nitalifikia, kwa sababu limo ndani ya habari.

Barua hii ameibeba mpiga picha wetu, yule mrefu tunayemwita Tripodi, ambaye anakuja huko kikazi kesho. Mpe chai na kitu cha kutafuna, ana njaa ya kudumu. Ningeweza kukupigia simu, lakini wewe kwenye simu humwachi mtu akamaliza sentensi, na Mama kila nikishika simu hukaa karibu, anajifanya anakunja nguo. Nimeona bora niandike. Karatasi haikatizwi.

Kama umefuatilia, utakuwa umesikia kwamba zile kampuni mbili za magari zilizokuwa zikigombania njia za milimani tulipokuwa watoto zote zimerudisha sura za zamani mwaka huu. Yetu, ile ya pembe nne, ambayo mtaa mzima uliiita Sanduku, imerudi na pembe zake. Ile ya mgongo wa mviringo tuliyoiita Kobe nayo imerudi na mgongo wake. Unakumbuka vita vyetu na watoto wa mpima ardhi wa nyumba ya chini. Wao walikuwa watu wa Kobe, sisi watu wa Sanduku. Baba alipopita na letu walipanda ukuta wakapiga kelele, “Sanduku, funga kifuniko!” Nasi Kobe la baba yao lilipokwama kwenye tope tukasimama kando na kuliimbia, “Kobe, toa kichwa!” Wewe ulikuwa unaimba kuliko wote, ingawa hukuwa umeota meno ya mbele.

Mhariri alitaka kurasa mbili. Alitaka nizipambanishe gari hizo mpya, na nieleze kwa nini watu wazima wenye akili zao wanataka uso wa gari lililowahi kuwavunja viuno. Akasema angependa apatikane mtu aliyefanya kazi kweli na zile za zamani, si mtu wa kupigia picha tu. Nikamwambia ninamjua mmoja, daktari wa mifugo, bado yuko kazini, bado anaendesha Sanduku la zamani kwenda kwa wafugaji. Akauliza kama huyo mtu ataongea. Nikamjibu kwamba ataongea, ila sina hakika kama yote yatachapishika. Sikumwambia kwamba ni mama yangu mpaka tulipokwisha kukubaliana. Alicheka akasema nimwandike kama “daktari”, na ndivyo nilivyomwandika.

Kabla ya siku ya majaribio nilikwenda kumtazama Mama, na hapo ndipo goti linapoingia. Miezi michache iliyopita alikuwa anatoka kwa mfugaji mmoja wa juu, mvua imenyesha, akafika kwenye ule mteremko wenye kona mbili. Alipotaka kubadili gia, mguu wa kushoto haukufika chini. Klachi ikabaki nusu, gari likalia kama mbuzi, likaenda lenyewe na kuegemea tuta. Hakuumia. Alishuka akafunga mlango kwa nyonga kama kawaida yake, akasubiri trekta. Yule mwenye trekta ndiye aliyenieleza haya, maana Mama aliniambia tu kwamba “alisimama kidogo”. Baadaye nilimpeleka kwa daktari wa mifupa. Akasema goti limelika, halitarudi kuwa la msichana, na akasema wazi: gari la klachi nzito aliache, gari lisilo na klachi anaweza kuendesha mpaka achoke mwenyewe. Mama akamuuliza huyo daktari kama anadhani atachoka lini. Daktari akatazama karatasi zake.

Nakwambia haya kwa mpangilio ili uone nilichokiona. Wewe uliposikia habari ya tuta ulifanya jambo la mwana mwema. Uliagiza Sanduku jipya, rangi ileile ya maji ya bwawa, tairi la spea mlangoni kama la Baba, na ukasisitiza liwe na gia za mkono na klachi, “ili liwe lenyewe hasa”. Maneno hayo meneja mauzo amenisomea, anayakumbuka, anasema wateja wengi siku hizi wanasema hivyo. Kisha ukampangia Mama dereva. Kwa hiyo hesabu yako ilikuwa kwamba Mama atakaa kiti cha abiria, dereva atakanyaga klachi, na kila mtu atakuwa salama. Mimi pia nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni hesabu nzuri.

Siku ya majaribio tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyofungwa, nje ya mji. Kuna mteremko mkali, kuna bonde la mchanga, kuna dimbwi ambalo halikauki. Tripodi alitangulia kutafuta mahali pa kusimama. Kampuni zote mbili zilituma magari yao na kijana mmoja mmoja wa kuyalinda, na hao vijana walikuwa wamevaa fulana zenye picha ya gari la zamani, si la jipya. Nililiandika hilo. Yule wa Sanduku alimwonyesha Mama bawaba za milango zilizo nje kama zamani. Mama akapitisha kidole, akasema hizi ni vifuniko, bawaba zenyewe ziko ndani. Kijana akakubali, akasema ni kwa ajili ya mwonekano. Mama akasema zamani ziliwekwa nje kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kuzitengeneza, hakuna aliyekuwa anafikiria mwonekano. Kijana wa Kobe akacheka sana. Mama akamgeukia akamwambia asicheke, hiyo ngao ya mbele ya Kobe lake nayo ni ya plastiki, ikigongwa na fahali mmoja tu itabaki kumbukumbu.

Nitakupa matokeo kama nilivyoyapa gazeti, bila upendeleo. Sanduku jipya liko juu zaidi, na kwenye dimbwi lilipita kama linavuka zulia. Linabeba mzigo mwingi zaidi, na vitufe vyake ni vikubwa, mtu anaweza kuvibonyeza akiwa amevaa glavu. Kobe jipya linapanda mteremko kwa utulivu zaidi, linakata kona mahali ambapo Sanduku linahitaji kurudi nyuma na kujaribu tena, na mlango wake uko chini, mtu anaingia kwa kukaa, si kwa kupanda. Yote mawili yana skrini kubwa kama sinia, na yote mawili yanatoa mlio wa kubuni ili yasikike kama mababu zao. Mama alipousikia mlio huo alishika tumbo akacheka. Alisema enzi zile walikuwa wanalipa fundi aondoe huo mlio.

Kwa nini watu wanayataka? Niliuliza wanunuzi waliokuja kutazama. Bwana mmoja mwenye duka la vigae aliniambia kwamba babu yake alikuwa na Kobe, na yeye hakuwahi kuruhusiwa kugusa usukani. Mwanamke mmoja mwanasheria akasema gari lake la sasa ni zuri lakini haliko kwenye picha yoyote ya utotoni mwake. Hakuna hata mmoja aliyetaja barabara. Yamo gazetini, ukurasa wa kumi na nne, Tripodi ana nakala yako.

Sasa kuna lisilokuwemo gazetini.

Mama alipanda Sanduku jipya kwanza. Nasema alipanda kwa maana yake halisi: alishika usukani kwa mikono miwili akajivuta, akasimama kidogo mguu mmoja ukiwa hewani, akakaa. Aliliendesha vizuri mpaka chini na kurudi. La majaribio halikuwa na klachi, kwa hiyo goti halikumsumbua barabarani, lilimsumbua mlangoni. Alipotelemka nikamuuliza anasemaje, akasema zuri. Nikamuuliza zuri vipi, akasema zuri tu, kama mtu anayesifia chakula cha wagonjwa.

Kisha akaingia Kobe. Akafunga mlango kwa kidole kimoja, akaufungua, akaufunga tena. Akapapasa chini ya kiti akakuta kitufe, kiti kikasogea mbele. Akakirudisha nyuma. Akakisogeza tena mbele. Nilidhani anafanya mchezo. Tulikuwa tumekubaliana aende mpaka kwenye rundo la kokoto, ageuze, Tripodi ampige picha akirudi. Alifika kwenye rundo, hakugeuza. Alilipita, akapanda mteremko wa upande wa pili, akapotea. Kijana wa Kobe akaanza kukimbia, kisha akakumbuka viatu vyake. Tripodi alikuwa amelala kifudifudi kwenye kokoto na kamera yake, jua la utosi, anauliza kama bibi amejiteka mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye jiwe. Namjua mama yangu. Akitaka kurudi hurudi.

Alirudi akiwa na tope mpaka kwenye vioo. Alisema kuna mfugaji wake nyuma ya kilima, ng'ombe wake alikuwa na homa ya maziwa, akaona kwa kuwa yuko karibu amchungulie. Kijana akamuuliza kama ameliona gari likoje. Mama akamjibu, “Gari? Sikuwa nalifikiria gari.” Mdogo wangu, nimefanya kazi hii tangu hujamaliza shule, nimesikia watu wakisifia magari kwa kila aina ya maneno. Sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo, na yeye hakujua kuwa anasifia.

Tulirudi nyumbani kwa Sanduku la zamani alilokuja nalo Mama, mimi ndiye dereva. Ni mara yangu ya kwanza kuliendesha tangu Baba afariki, kwa sababu sote tulikuwa tumekubaliana kwamba hilo ni la Mama. Nilipokaa nikakuta miguu yangu imenyooka mbele kama ya maiti, nami ni mrefu kuliko Mama kwa kichwa kizima. Nikataka kusogeza kiti. Mama akaniambia nisijisumbue, hakisogei. Reli imeshika kutu palepale alipokiweka Baba, kwa urefu wa miguu ya Baba. Nikamuuliza yeye amekuwa akiendeshaje. Akanyoosha mkono nyuma akachukua ule mto. Ule mto, unaujua. Wewe ndiye uliyemletea ule wa pili wenye maua, ulipoona wa kwanza umechakaa, ukasema Mama anapenda kuegemea laini. Hauegemei, mdogo wangu. Anauweka mgongoni ili umsukume mbele, afikie klachi, na hata hivyo hufika kwa ncha ya kiatu. Goti hilo halikulika kwa uzee peke yake.

Nikauliza kwa nini hakumwita fundi akate nati za reli. Ni kazi ya nusu asubuhi. Tukapita kiwanda cha matofali. Kisha akaniambia kwamba fundi aliwahi kuja, wiki chache baada ya mazishi, na zana mkononi. Wewe ulikuwa likizo. Ulisimama mlangoni mwa gari ukamwambia fundi asikiguse kiti cha Baba. Na mimi, anasema, nilikuwa nyuma yako, nikasema wewe una haki. Fundi akanywa maji akaondoka.

Nikamwambia kwamba sisi tulidhani yeye ndiye anayetaka kibaki hivyo. Akasema yeye alidhani sisi.

Basi nikawa mwandishi, nikauliza maswali yangu moja baada ya jingine, naye akajibu huku anatazama barabara. Nikamuuliza kama analipenda Sanduku. Akasema tangu siku ya kwanza hajalipenda. Yeye na Baba walikubaliana wanunue Kobe, kwa sababu yule mke wa mpima ardhi alimwazima lao siku moja, akaliendesha mpaka mtoni, akaona hapo ndipo anapofaa kukaa. Baba akatoka nyumbani kwenda kununua Kobe, akarudi na Sanduku, anapiga honi kuanzia njia panda, kwa sababu muuzaji alimwambia ni la wanaume wa kazi. Sisi tulikuwa tunarukaruka uani kwa furaha. Mama akasema ni zuri. Unalisikia neno hilo? Ndilo alilonipa kule machimboni.

Nikamuuliza kwa nini hakuliuza baadaye, Baba alipokwisha kuondoka. Akanikumbusha yule mnunuzi aliyekuja kulitazama, wewe ukalikumbatia tairi la spea ukalia, mwanamume mzima mwenye ndevu, mpaka mnunuzi akaomba radhi. Akasema tangu siku hiyo kila ukija unaleta kioo, au mpira wa mlango, au kabureta uliyoitafuta masoko matatu, na kila ukipiga simu swali lako la pili ni “Sanduku halijambo?” Mtu atamjibuje mtoto wake wa mwisho? Akawa anajibu halijambo. Anasema amelitunza gari hilo kama mtu anavyomtunza mgeni wa watoto wake, mgeni asiyeaga.

Hili ndilo alilotaka niape kwamba sitakwambia. Alisema gari limeshaagizwa, limeshavuka bahari, mtoto amefurahi, tusimvunje moyo, yeye atakaa nyuma ya huyo dereva kama mzigo mwingine. Nikamwambia na ng'ombe wanaozaa alfajiri je, watamsubiri dereva aamke? Akasema wafugaji watazoea. Akalisema kama mtu anayekabidhi ofisi. Sikumwapia, mdogo wangu. Nilikohoa. Mafua yana faida zake.

Sasa sikia, na usinune. Sijakuandikia ili ujutie. Ulitoa kwa moyo, na ulichonunua ni gari zuri, nimeliandika hivyo kwa jina langu gazetini. Ila si lake. Ni la Baba kwa mara ya pili, nalo lina klachi. Ukimpa hilo, utakuwa umemstaafisha Mama kwa zawadi, naye ataishukuru mpaka siku ya mwisho, na hatakwambia kitu. Mimi sitakaa kimya niyaone hayo.

Nimeshaongea na meneja mauzo. Anasema maadamu gari halijasajiliwa kwa jina la Mama linaweza kurudishwa, na ana mteja anayelingoja la rangi hiyohiyo, yule bwana wa vigae hatimaye ameamua kuwa mtu wa Sanduku. Upande wa Kobe nao nimepiga simu. Wanalo moja lisilo na klachi, lenye paa jeupe, na wamekubali kulishikilia. Dereva uliyempangia Mama nimeonana naye. Ni mtu mwema, na gazeti letu linahitaji mtu wa kusambaza nakala asubuhi, kwa hiyo hatakosa kazi. La zamani, ukilitaka, njoo ulichukue mwenyewe, ulipandishe meli, ulale nalo. Mama anasema hana neno, ila ukate reli ya kiti kwanza, asije mtoto wako mmoja akaota goti kama lake.

Mama hajui kama nimeandika. Ukimpigia usimwambie kwamba nimesema. Muulize tu swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza, kwamba yeye angependa gari gani, kisha unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Jitahidi.

Nisalimie wifi sana, na uwabusu mapacha kila mmoja mara sawa, wasije wakagombana. Mama angejua angekusalimu; amepita hapa sasa hivi na beseni la nguo, ameuliza naandika nini, nimemwambia kazi.

Umeniandikia hati ya kupokea gari kwa niaba yako, kwa hiyo sahihi yangu inatosha. Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa ofisini kwa meneja. Ukipiga kabla ya hapo, tutabadilisha pamoja, na Mama atajua limetoka kwako. Usipopiga, nitalikataa peke yangu, halafu utanikasirikia mpaka utakapomwona kwenye usukani. Jumatatu inayofuata ana chanjo ya ndama kule juu, wafugaji wameshaambiwa, naye atakwenda akiendesha mwenyewe.

Ni mimi, dada yako